Nimefika Uhuru, kilele cha Kili, zaidi ya mara 60, Base Camp ya Everest imenitoa nikiwa Lobuche. Wakuu, tatizo lilikua nini?

Mgumu_wa_Machame #1
Wakuu habari. Niende moja kwa moja maana hili jambo linaninyima usingizi tangu Novemba.

Kazi yangu ni mlima. Nilianza 2009 kama mgumu, kubeba mizigo ya wageni, nikahamia jikoni, baadae nikasomea nikapata leseni ya kuongoza. Uhuru baada ya mara 60 niliacha kuhesabu. Sijawahi kutapika mlimani, sijawahi kushushwa, na dawa ya kichwa nameza asubuhi ya kesho yake baada ya tipu tu, wenye kazi yenu mnaelewa.

Sasa kuna mgeni wangu, mama wa Kijerumani, ana miaka 61, nimempandisha Kili mara mbili. Akanambia safari hii anaenda Nepal, kwa miguu hadi Base Camp ya Everest, na anataka niende nae, sio kikazi, kama rafiki, nauli na kila kitu juu yake. Nani anakataa? Tukapitia Doha tukashuka Kathmandu.

Base Camp ipo mita 5,364. Uhuru ni 5,895. Yani kule ni chini kwa zaidi ya mita 500, alafu ratiba ya kupanda ni siku nane wakati huku watu nawafikisha juu kwa siku tano. Nikajiambia hapa naenda kula bata.

Nimeishia Lobuche, mita 4,940. Usiku kichwa kinataka kupasuka, natapika mpaka maji. Asubuhi nimeinama nafunga kamba ya kiatu, nimezishika zote mbili, nikawa nazitazama tu, sikumbuki zinafungwaje. Muongozaji wetu akaniona. Akachora mstari kwenye vumbi kwa fimbo akanambia nitembee juu yake, kisigino kwa vidole. Wakuu, huo mtihani nimewapa wageni sijui mara ngapi. Nilitoka nje ya mstari hatua ya pili.

Nikashushwa, kipande kwa miguu kipande kwa farasi, mpaka Pheriche. Mama wa miaka 61 akaendelea na akafika. Kanitumia picha amekaa juu ya lile jiwe lenye maandishi mekundu, anacheka.

Nielewesheni. Mtu anashindwaje chini wakati juu zaidi ya hapo ndo ofisini kwake?

karanga_za_moto #2
Wa kwanza. Ngoja waje wataalamu, nimekaa pembeni hapa.

Ndugu_Mtazamaji #3
Uzi bila picha ni chai. Alafu mtu wa Machame ashindwe kambi ya CHINI ya mlima? Kwenye mlima wenyewe ungefanyaje sasa

Mgumu_wa_Machame #4
Picha zipo ila nyingi nimekaa kwenye mawe nimeshika kichwa. Siweki.

NanyukiBoy #5
Pole sana buda. Mimi nilienda 2019 nikafika, lakini nusura. Kitu watu hawaoni ni hii: Kili unagusa juu na unarudi. Kwa njia yenu ya Machame usiku wa juu kabisa unalala Barafu, 4,673. Saa sita usiku unaamka, unaenda Uhuru, na jioni ushashuka Mweka kwa 3,100. Hiyo saa yote uko juu ya mita 5,000 ni masaa mangapi? Saba, nane hivi. Khumbu, huko bonde la Everest, si hivyo. Unalala Dingboche 4,410, unalala Lobuche 4,940, unalala Gorak Shep 5,164. Point Lenana yetu ya Mount Kenya ni 4,985. Kwa hivyo Lobuche ni Lenana bana! Unaambiwa lala hapo, na asubuhi kula mayai uendelee kupanda. Nani hapa amewahi kulala Lenana?

karanga_za_moto #6
Jibu limepatikana, mod funga uzi

Kibo_Kwetu #7
Usifunge. Mimi pia ni wa kazi hiyohiyo, upande wa Marangu. Hoja ya NanyukiBoy ni nzuri ila ina tobo. Wapo wageni wanaolala kreta ya Kibo, zaidi ya mita 5,700, na sisi tunalala nao, na asubuhi tunashuka tunaimba. Mleta uzi umewahi kulala kreta?

Mgumu_wa_Machame #8
Mara tatu. Kichwa kizito, usingizi wa kuungaunga, lakini nilikula.

Kibo_Kwetu #9
Umeona. Sasa swali langu ni moja, kabla ya Nepal mara ya mwisho kuwa mlimani ilikua lini? Maana kreta unalala msimu umechanganya, umepanda na kushuka miezi mitatu mfululizo.

Mgumu_wa_Machame #10
Nilishuka mwanzoni mwa Oktoba. Alafu tukapata msiba Dar, nikakaa kule na mambo ya familia, kama wiki tano hivi, kisha ndo safari.

Kibo_Kwetu #11
WIKI TANO DAR. Kaka ulienda Nepal kama mtalii yeyote aliyetoka ofisini. Mwili hautunzi mlima kama benki inavyotunza hela. Ukikaa chini wiki mbili tatu ule uzoefu wa hewa nyembamba unaisha, unabaki uzoefu wa miguu na mdomo.

Dokta_Zamu_ya_Usiku #12
Nimetoka wodini nikakuta huu uzi, niandike kidogo kabla sijalala.

Kwanza mleta uzi shukuru huyo kijana aliyekuchorea mstari. Kutapika na kichwa ni ugonjwa wa mwinuko wa kawaida. Lakini kusahau kamba ya kiatu na kuyumba kwenye mstari, hapo ubongo unaanza kuvimba, ni hatua nyingine kabisa. Ungelala usiku wa pili palepale leo uzi huu angeuandika mtu mwingine. Dawa ya kwanza ni kushuka, ya pili ni kushuka, oksijeni na deksamethasoni vinakusaidia ufike huko chini.

Pili, naona watu wanapenda kusema huko juu "oksijeni ni asilimia 10". Hapana. Asilimia ni ileile 21 uwe Coco Beach uwe Base Camp. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, kwahiyo kila pumzi unayovuta kwa kimo kile inakuingizia karibu nusu ya oksijeni ya pwani. Mwili unajirekebisha, ila unahitaji usiku kadhaa. Kanuni inayofuatwa ni kwamba ukishapita mita 3,000 usiongeze kimo cha KULALA kwa zaidi ya mita 500 kila usiku, na kila baada ya siku tatu nne unapumzika. Sasa tuwekee ulilala wapi na wapi, usiku kwa usiku.

mzeewapesambili #13
Dokta anataka kujua mtu kalala wapi usiku kwa usiku, hata mke wangu hajafika huko

Mgumu_wa_Machame #14
Hahaha mzee acha hizo.

Dokta ni hivi. Msimu watu wakiwa wengi ndege za Lukla haziruki kutoka Kathmandu, unapelekwa kwa gari kiwanja cha Ramechhap, masaa manne matano, mnaondoka usiku wa manane. Tumefika, mawingu. Tumekaa pale siku mbili tunaangalia anga na kunywa chai. Siku ya tatu tukaruka. Lukla yenyewe wakuu, barabara ya ndege ina mita 527 na imepanda kama mteremko wa Kiboriloni, mwisho wake ukuta. Unatua unapanda, unaruka unashuka bondeni. Nilisali sala zote.

Usiku wa kwanza Phakding 2,610. Namche 3,440 usiku mbili. Tengboche 3,867. Dingboche 4,410, hapa ratiba ilisema usiku mbili, lakini kwa zile siku mbili tulizopoteza kampuni ikasema turuke mapumziko, ndege ya mama ya kurudi isije ikatuacha. Nilikubali fasta, mimi ndo niliyemwambia mama "tutaweza". Kesho yake Lobuche.

NanyukiBoy #15
Aii! Ebu piga hesabu. Tengboche hadi Dingboche ni 543. Dingboche hadi Lobuche 530. Mara mbili mfululizo, na ile siku ya kupumzika mkaila. Si swali tena hii.

Kibo_Kwetu #16
Sasa na mimi nikuulize. Marangu mtu anatoka Mandara 2,720 anaenda Horombo 3,720. Mita 1,000 kwa siku moja. Kesho kutwa Kibo, 1,000 nyingine. Kwa hiyo hesabu yako Kili wangebaki wangapi hai?

Dokta_Zamu_ya_Usiku #17
Ndio maana Kibo wanatapika wengi, mkuu. Na ndio maana wanaolala Horombo usiku mbili wanafika wengi kuliko wanaokimbia. Kili inakuponyesha kwa sababu unashuka haraka kabla mwili haujakudai. Khumbu deni linalipwa palepale.

Bin_Shariff #18
Assalaam aleikum. Mimi niko Doha, kazini nimezungukwa na Wanepali. Nimemsomea uzi huu mwenzangu mmoja kwa Kiingereza changu kibovu, akacheka sana, kumbe yeye Everest hajaiona hata kwa mbali. Katoka Terai, tambarare huko kusini karibu na India, joto kama Tanga, embe na mpunga. Alishangaa zaidi kuona theluji kwenye simu kuliko mimi. Kwahivyo msidhani kila Mnepali ni Sherpa.

Ndugu_Mtazamaji #19
Kwani Sherpa si ndo wapagazi?

NanyukiBoy #20
Sherpa ni kabila, si kazi. Wametokea upande wa Tibet karne kadhaa zilizopita. Watu wakazoea kuita kila mbeba mzigo sherpa. Kwa njia ile utapata wapagazi wengi ni Rai, Tamang, na Sherpa wenyewe wengi sasa wana loji, ama wanaongoza wale wa kupanda juu kabisa.

Na kuna kitu kilinibamba. Majina yao mengi ni siku za wiki! Mtoto wa Jumatatu anaitwa Dawa, Jumanne Mingma, Jumatano Lhakpa, Alhamisi Phurba, Ijumaa Pasang, Jumamosi Pemba, Jumapili Nima.

mzeewapesambili #21
Mimi naitwa Jumanne na kaka yangu Hamisi. Kumbe sisi ni Masherpa wa Tabora. Pemba nae anaitwa kisiwa 😂

Bin_Shariff #22
@mzeewapesambili na Mwajuma utamwita Pasang, kamwambie.

Mgumu_wa_Machame #23
Muongozaji wetu alikua Mrai, kijana wa miaka 26. Mimi nina 38. Akaniita "dai", yani kaka mkubwa, mimi nikamwita "bhai", mdogo wangu. Na pole pole yetu kule wanasema "bistari bistari". Siku nzima ananambia bistari dai, bistari. Nilikua nacheka moyoni, we mtoto unanifundisha mimi pole pole?

Mama_Wawili #24
Hapo kwenye bistari ndipo nilipokua nasubiri. Kaka nikuulize na unijibu kweli. Begi dogo la huyo mama alikua anabeba nani?

Mgumu_wa_Machame #25
...Mimi.

Mama_Wawili #26
Nilijua! Sasa mama anatembea mikono mitupu, anavuta hewa taratibu, anakunywa maji kila akijisikia. Wewe una begi lako kifuani na lake mgongoni, na bila shaka ulikua mbele. Alafu unauliza kwanini bibi kafika. Mimi niliwahi kupanda Kili 2016 na shirika letu, wanaume waliotangulia kuimba getini ndio waliorudishwa wa kwanza, watano.

Mgumu_wa_Machame #27
Mama umenipiga penyewe. Ni mazoea, mkono unaenda wenyewe kwenye begi la mgeni. Na nilikua nawaonea aibu wale wapagazi wa kule. Sisi tuna kikomo, kilo 20 mzigo wa mgeni, unapimwa getini. Kule nimeona mzee kabeba mabunda ya bati na katoni za bia, ameyafunga kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, sio begani, PAJI LA USO, mkononi ana kifimbo kifupi chenye kichwa kama herufi T, akichoka anakiweka nyuma chini ya mzigo anapumzika amesimama. Hatui mzigo. Nikaona mimi na vibegi viwili nitalalamika nini.

karanga_za_moto #28
si mizigo inabebwa na yaki huko?

NanyukiBoy #29
Chini ya Namche ni nyumbu na dzopkyo, mseto wa yaki na ng'ombe. Yaki mwenyewe hapendi kushuka chini, anaumwa joto. Ukisikia kengele kwa njia, simama upande wa MLIMA, usisimame upande wa bonde. Anaweza kukugonga na mzigo tu bila nia mbaya na ndio kwaheri.

Ndugu_Mtazamaji #30
Nasikia maziwa ya yaki ni dawa ya kifua

Bin_Shariff #31
Mwenzangu hapa anasema yaki ni dume. Jike anaitwa nak. Kwahivyo hayo maziwa uliyosikia, ndugu yangu, Mungu anajua yametoka wapi.

mzeewapesambili #32
😂😂😂 nimefunga duka kwa leo

Kibo_Kwetu #33
Turudi kwenye mada. Mgumu, kule hawakupimi oksijeni kidoleni kila jioni? Sisi tunapima, na tunawauliza maswali, umekula, umelala, kichwa namba ngapi. Huyo bhai wako alikua wapi muda wote mpaka ufike kusahau kamba?

Mgumu_wa_Machame #34
Hili nilitaka nisilisemee ila basi.

Alikua anapima. Kila jioni kwenye chumba cha kulia, kile kidude cha kubana kidole kinazunguka meza. Dingboche nilianza kujisikia vibaya, nikajua namba haitakua nzuri. Kabla zamu yangu haijafika nikaweka mkono kwapani dakika kadhaa kidole kipate joto, alafu nikavuta pumzi nene nene taratibu kama najinyoosha. Ikasoma 84. Mama alikua na 86. Bhai akaandika kwenye daftari akasema vizuri dai. Chumbani nikajipima peke yangu, maana na mimi nilibeba cha kwangu, bila kuvuta pumzi: 73.

Akaniuliza kichwa. Nikasema hamna kitu.

Wakuu huo mchezo wa kwapa nimewakamata nao wageni miaka yote, nawajua kwa macho tu, nawasimamia nawaambia usinifiche, ukinificha unanipa maiti ya kubeba. Kumbe nilikua najifunza.

Mama_Wawili #35
Kaka.

Kibo_Kwetu #36
Aisee. Hii hata mimi ningefanya, niseme ukweli. Umeenda kwa hela ya mgeni, umejitambulisha fundi wa mlima, alafu mtoto wa miaka 26 akuambie unaumwa rudi?

Dokta_Zamu_ya_Usiku #37
Namba peke yake isiwatishe, 73 kwa mwingine kwa kimo kile anaweza kuwa anakula na kupiga soga. Kinachoua ni kuficha dalili. Ila kwenye sababu za kuumwa, kuficha hakumo. Kuficha kulimfikisha pabaya, hakukuanzisha ugonjwa. Tusichanganye.

Mtumishi_wa_Kweli #38
Nyie mnazunguka. Kule ni milima ya watu wenye imani zao. Wenyewe huo mlima wanauita Sagarmatha na kwa Kitibeti Chomolungma, maana yake mama mungu. Ulipita yale mawe yao yaliyochongwa maandishi upande gani?

Mgumu_wa_Machame #39
Mawe ya mani, unayaacha mkono wako wa kulia, bhai alituambia siku ya kwanza. Nilikua nafuata. Labda nikienda msalani usiku sikuangalia.

Mtumishi_wa_Kweli #40
Umejijibu.

NanyukiBoy #41
Mtumishi wazungu nusu wanapita upande mbaya na earphone kwa masikio na wanafika. Ni heshima tu, kama kuvua viatu msikitini.

Ukoo_wa_Mlimani #42
Mimi sikubali kabisa hoja kwamba mwili haukuzoea. Sisi Wachaga tumezaliwa mlimani, damu yetu ni ya mlimani kama hao Masherpa. Kuna kitu mlikula.

Dokta_Zamu_ya_Usiku #43
Ndugu, vijiji vyetu vya juu kabisa mlimani viko kwenye mita 1,800 hivi. Sherpa anazaliwa Namche au Khumjung, karibu mara mbili ya hapo, na mababu zake hivyohivyo kwa maelfu ya miaka. Wana aina ya jeni iitwayo EPAS1 inayozuia damu isiwe nzito ikikosa oksijeni, na utafiti wa 2014 ulionyesha imetoka kwa Denisova, binadamu wa kale waliochanganyika na mababu wa Watibeti. Afrika wenye mwili wa nyanda za juu ni wenzetu wa Ethiopia, nao wamezoea kwa njia yao nyingine. Mchaga tunaye kwenye biashara.

Ukoo_wa_Mlimani #44
Dokta unatafuta ugomvi

Ndugu_Mtazamaji #45
Kwa kifupi mtu mweusi na Everest wapi na wapi

Kibo_Kwetu #46
Acha hizo. Wilfred Moshi alifika juu kabisa 2012, Mtanzania wa kwanza, na kazi aliyotokea ni hii hii yetu ya kuongoza Kili. Rawan Dakik alifika 2021 akiwa binti wa miaka 20.

NanyukiBoy #47
Na James Kagambi wetu 2022, na miaka yake sitini na kitu. Mwalimu wa milima maisha yake yote. Huyo hakukimbia, alingoja.

mwanahewa #48
Mimi fizikia tu inanileta. Nyote mnalinganisha mita kwa mita, mita za Kili na mita za Himalaya sio sawa. Kwenye ikweta tabaka la hewa ni nene zaidi, kwahiyo kwa kimo kilekile mgandamizo ni mkubwa kidogo kuliko huko nyuzi 28 kaskazini. Na kule majira ya baridi hupungua tena ukilinganisha na kiangazi. Ulienda Novemba. Yani Lobuche ya Novemba mwili unaiona kama iko juu zaidi ya ilivyoandikwa kwenye kibao.

Dokta_Zamu_ya_Usiku #49
Kweli kabisa, ila kwa vimo hivyo tofauti ni ndogo. Kwenye kilele chenyewe cha mita 8,848 ndio inakua habari ya kufa na kupona, kwa wanaopanda bila mtungi.

mwanahewa #50
Ndogo ukiwa mzima. Ukiwa kwenye ukingo ndogo inatosha kukusukuma.

karanga_za_moto #51
na baridi je? na kikohozi?

Mgumu_wa_Machame #52
Kikohozi nilikua nacho tangu Namche. Wote wanakohoa, mpaka kina jina, kikohozi cha Khumbu. Hewa kavu, vumbi la njiani, alafu jioni mnajazana chumba kimoja kwenye jiko wanachoma mavi makavu ya yaki, madirisha yamefungwa. Joto lake tamu, moshi wake sasa. Vyumbani hakuna moto kabisa, mbao nyembamba, maji kwenye chupa yanaganda. Nilikua nalala na simu na chupa ndani ya slipingi begi kama nalea watoto.

Na mkitaka kuchaji simu mnalipia, waifai mnalipia kwa kadi, maji ya moto ya kuoga mnalipia. Kadri unavopanda bei inapanda. Chakula niliganda kwenye dal bhat, wali na dengu, maana wanakuongezea bure mpaka useme basi. Ila toka Tengboche nilikua sisemi tena "ongeza". Hiyo nayo ilikua dalili, nikawa najidai nimeshiba.

Dokta_Zamu_ya_Usiku #53
Maambukizi ya kifua yanachangia kweli. Na swali moja lingine, usinielewe vibaya. Umewahi kupima sikoseli? Namaanisha ile ya kuwa na jeni moja tu, AS, mtu ni mzima maisha yake yote na hajui. Kanda ya Ziwa na Pwani wapo wengi. Mwinuko mkubwa unaweza kuwaletea shida, hasa bandama. Ulisikia maumivu chini ya mbavu za kushoto?

Mgumu_wa_Machame #54
Hapana, kichwa na tumbo tu. Sijawahi kupima. Baba Mchaga mama Msukuma wa Magu.

Ukoo_wa_Mlimani #55
Hahaha kumbe nusu! Nilisema mimi damu

Mama_Wawili #56
Ukoo nyamaza basi, mtu anaulizwa mambo ya maana.

Ndugu_Mtazamaji #57
Kwanini hukuita helikopta kama wenzako? Huko si zinapita kama bodaboda

Mgumu_wa_Machame #58
Zinapita kweli, toka asubuhi ni ngurumo bondeni. Bima niliyokata ilikua inaishia mita 4,000, niliisoma vizuri nikiwa juu ya farasi 😂. Mama alitaka alipe yeye, nikakataa. Bhai akamwachia msaidizi aendelee nae, mimi akanishusha mwenyewe.

NanyukiBoy #59
Heli ziko na story yake. 2018 serikali ya Nepal ilichunguza ule mchezo wa watu kuitiwa heli hata kwa kichwa kidogo, alafu bima inapelekewa bili kubwa na kila mtu anakula yake. Kwa hivyo kijana aliyekushusha kwa miguu na farasi wakati angeweza kupata kamisheni, huyo mheshimu.

Mgumu_wa_Machame #60
Namheshimu. Njiani tunashuka pale Thukla, kuna kilima chenye minara ya mawe ya kumbukumbu ya waliofia Everest, bendera zao za sala zinapigwa na upepo, akasimama akanipa maji ya moto akasema, dai, Jumatatu ulipoweka mkono kwapani nilikuona.

Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema kwako wewe ni muongozaji, nikadhani unajua unachofanya.

Kibo_Kwetu #61
Duh.

Mama_Wawili #62
Basi kosa limegawanyika. Angesema.

Kibo_Kwetu #63
Angesemaje mama? Mkubwa wake, rafiki wa anaelipa. Hata huku kijana msaidizi hamwambii mgeni profesa kwamba anadanganya.

Dokta_Zamu_ya_Usiku #64
Hapo ndo mnapokosea wote wawili, mlimani hakuna shikamoo.

mzeewapesambili #65
Nimesoma uzi wote, hesabu yangu: wiki tano Dar 40%, begi la bibi 30%, kwapa 20%, bia ya Namche 10%. Hajaitaja ila najua ipo

Mgumu_wa_Machame #66
Mbili tu. Ilikua siku ya mapumziko.

mzeewapesambili #67
Nilisema.

karanga_za_moto #68
@Mgumu_wa_Machame lakini ungefika ungeiona Everest vizuri au ndo hata haionekani

NanyukiBoy #69
Ukiwa Base Camp kilele hakionekani, kimefichwa na bega lake na mlima jirani, Nuptse. Unaona mabarafu yaliyobomoka na mahema. Kukiona lazima upande Kala Patthar, 5,545, alfajiri, baridi ya kukata masikio. Mimi nililia huko juu, sijui ni uzuri ama ni macho kuganda.

Mgumu_wa_Machame #70
Mrejesho wakuu, samahani nilipotea, msimu wa Januari ulibana. Nimepima sikoseli, sina, AA. Kwahiyo dokta hoja yako imeanguka.

Mwezi huu nimepanda mara mbili, moja tulilala kreta na Wajapani. Nimekula ugali sahani nzima. Kichwa hamna. Na nimepima bila kwapa.

Kibo_Kwetu #71
Kwasababu msimu umechanganya. Nilisema toka #9.

NanyukiBoy #72
Kwasababu kreta ni usiku mmoja na kesho yake uko Mweka. Nilisema toka #5.

mwanahewa #73
Kwasababu ni ikweta.

Mtumishi_wa_Kweli #74
Kwasababu ni nyumbani.

Mgumu_wa_Machame #75
Mama kanipigia jana. Anarudi Aprili, anataka njia ileile, kasema safari hii siku 16 na Dingboche usiku tatu, na bhai yuleyule. Begi lake atabeba mwenyewe, amesisitiza.

Nani ana slipingi begi ya nyuzi hasi 20 aniazime?

Kibo_Kwetu #76
Ninayo, ila zipu yake imekufa kuanzia kiunoni.